Uwanja Nilioufagia Mno

Jumatatu, 3 Februari

Mjukuu wangu amenipa daftari hili na kalamu mbili. Ya pili ni ya akiba, maana ana hakika ya kwanza nitaipoteza. Kasema niandike kila siku ninachokiona uwanjani. Nimemuuliza niandike nini, nimeona vumbi? Kasema ndiyo Bibi, hata vumbi.

Basi. Leo nimeona vumbi.

Jumanne, 4 Februari

Amesoma ya jana akasema haitoshi. Haya.

Mimi ni mfagizi wa chuo hiki, huu mwaka wa ishirini na mbili. Shule niliishia darasa la tatu, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Kuandika nilijimalizia ukubwani, kwenye masomo ya watu wazima, na mwandiko wangu unasomeka kuliko wa daktari. Anayetaka kucheka herufi zangu aje acheke mbele yangu.

Uwanja uko katikati ya majengo mawili, huku maktaba, huku madarasa. Urefu hatua zangu themanini, upana hamsini na tano. Hauna kitu ila udongo mwekundu na bomba moja la maji. Mjukuu yuko mwaka wa mwisho, anasomea kuchora majengo. Kazi yake ya kumalizia chuo ni kuuchora uwanja huu uwe mahali pa wanafunzi kukaa: benchi, vivuli, vijia. Lakini mkuu wa majengo anautaka uwe maegesho ya magari. Huyo tunamwita Bwana Funguo, kwa sababu shada la funguo kiunoni mwake linafika kabla yake. Kamati itakuja kuangalia na kuamua Ijumaa ya tarehe 14 Machi. Mmoja atapata uwanja, mwingine atabaki na karatasi yake.

Mimi naufagia tu. Lakini damu ni nzito kuliko maji, na magari hayana haya, yanavuja mafuta popote.

Alhamisi, 6 Februari

Jua kali. Nimefagia alfajiri, nimefagia saa nne, nimefagia saa nane. Mtunza bustani alikuwa amelala chali nyuma ya stoo, mpira wa maji umemzunguka kama nyoka aliyemshinda. Ndiyo maana wanafunzi wanamwita Babu Mpira. Nilimwambia, mwenzangu, ukifa hapo watajuaje? Kasema watajua kwa sababu wewe utanyamaza.

Hana kazi, mdomo tu.

Jumatatu, 10 Februari

Mjukuu alikaa kwenye ngazi za maktaba na karatasi yake, saa tatu hadi saa sita, anahesabu wanaopita uwanjani. Kapata watu kumi na mmoja. Akawa mnyonge. Nikamwambia usihuzunike, wengine walitaka kupita, mimi ndiye niliyewaambia zungukeni verandani, hamwoni nimefagia? Wakazunguka. Watoto wa siku hizi wakikutana na mtu mwenye msimamo, wanatii.

Aliniangalia, akafunga karatasi zake. Sijui anawaza nini. Kula anakula.

Ijumaa, 14 Februari

Vumbi.

Jumatano, 19 Februari

Leo nimesifiwa, na nitaandika kila kitu.

Bwana Funguo alikuja na wajumbe wawili wa kamati. Nilikuwa nimemaliza tu kufagia, mistari ya ufagio bado imesimama. Akanyoosha mkono akasema, "Angalieni. Safi kama sahani iliyooshwa. Hata unyayo mmoja hakuna." Wajumbe wakatikisa vichwa. Mmoja akanipa heko. Miaka ishirini na miwili, hakuna aliyewahi kuniambia sahani.

Jioni nikamweleza mjukuu, naye anakoroga mboga jikoni. Nikarudia neno kwa neno, nikanyoosha na mkono kama Bwana Funguo. Akazima jiko. Mboga haijaiva, kazima jiko.

"Bibi," akasema, "hakuwa anakusifu. Alikuwa anawaonyesha kwamba hapatumiki."

Nikamwambia mtu akisifiwa, wenye wivu hawakosi.

"Hakuna unyayo kwa sababu unaufuta mara tatu kwa siku. Na hakuna mtu kwa sababu unawafukuza. Yeye anachungulia dirishani kwake, anaona patupu. Mchoro wangu utaanguka, na kinachouangusha si Bwana Funguo."

Hakumalizia. Hakuhitaji kumalizia, mimi si mjinga. Nikabeba sahani yangu nikaenda kula chumbani. Mboga mbichi.

Alhamisi, 20 Februari

Sisemi naye.

Ijumaa, 21 Februari

Bado. Nimemlea tangu ana miaka minne, nimemsuka nywele, nimemfulia sare, leo ananiambia mimi ndiye ninayemwangusha. Anayemfundisha mtoto kusema, ajiandae kusikiliza. Lakini sisemi naye.

Jumatatu, 24 Februari

Naandika haya nimeketi juu ya ndoo ndani ya stoo, mlango umefunguka kidogo kama jicho.

Nilifagia saa nne kama kawaida, halafu badala ya kusimama pale katikati nikaingia humu. Nikasema ngoja nimhakikishie huyu mtoto kwamba uwanja hauna watu wake.

Kwanza walitoka watatu maktaba. Wakachungulia kushoto, wakachungulia kulia, kama wezi wa mapera. Mmoja akasema, "Haraka, Bibi Zungukeni hayupo." Wakavuka mbio, vitabu vimekumbatiwa. Kumbe nina jina. Miaka yote hii nina jina na hakuna aliyeniambia.

Halafu wakaja wengine. Na wengine. Nilianza kuhesabu kwa vidole, nikaona upuuzi, nikachora vijiti ukutani kwa chaki. Saa moja tu, vijiti sitini na tatu. Wawili walikaa chini kabisa, ubavuni mwa madarasa penye kivuli, wakafunguliana madaftari, lakini macho yao hayakutulia. Kila mlango ukilia wanainuka nusu.

Nilicheka. Mtu mzima juu ya ndoo, nacheka peke yangu.

Kisha akatokea msichana wa magongo. Namfahamu kwa sura, mguu wake wa kushoto haukanyagi. Akasimama pembeni mwa uwanja. Akauangalia. Wenzake wakamwambia vuka, hayupo. Akatikisa kichwa, akageuka, akaanza kuzunguka na veranda, kule kote, hatua zaidi ya mia, tako, tako, tako. Nilimsikia hadi alipofika ng'ambo. Na nikakumbuka kwamba nimekuwa nikimsikia hivyo kila siku, mara nne kwa siku, nikadhani anapenda kivuli.

Wengine wote wananikimbia. Huyu hawezi kunikimbia, kwa hiyo anazunguka.

Sikucheka tena.

Jumanne, 25 Februari

Nimesema naye. Nilimkuta anachora mezani, nikavuta kiti. Nikamwambia wahenga walisema penye wazee hapaharibiki neno, lakini hapa mzee mwenyewe ndiye aliyepaharibu. Nikamweleza ya stoo, vijiti sitini na tatu, na msichana wa magongo. Kikulacho ki nguoni mwako, nikamwambia, na nguo hiyo ni kanga yangu.

Akanikumbatia hadi kilemba kikaanguka. Nikamwambia basi, sikuja kukumbatiwa, nimekuja kuuliza tufanye nini.

Akasema, "Usifagie."

"Leo?"

"Hadi kamati ije. Acha nyayo zichore zenyewe."

Siku kumi na saba. Heri angeniambia nitembee bila kilemba.

Jumatano, 26 Februari

Nimefagia veranda, nimefagia madarasa, nimepiga deki ngazi. Uwanja nimeupita kama mtu anayempita mdai wake.

Saa nne mkono ulianza wenyewe. Nikaenda kwa Babu Mpira nikampa ufagio wa uwanja. Nikamwambia ufungie humo stooni kwako, na nikija kuuomba usinipe, hata nikikutukana. Akasema hiyo ya kutukanwa ameizoea. Hakuuliza kwa nini. Nikajieleza mwenyewe.

Ijumaa, 28 Februari

Nilikwenda kuuomba. Nikamtukana. Hakunipa.

Jumatatu, 3 Machi

Sasa naelewa mjukuu alikuwa anatafuta nini. Kwenye mchoro wake kijia kilitoka mlango mkuu wa maktaba, moja kwa moja hadi mlango mkuu wa madarasa, kimenyooka kama rula. Hakuna hata mguu mmoja uliopita hapo. Wanatoka mlango mdogo wa ubavuni, wanakwenda bombani kunywa maji, kutoka bombani wanakata kona hadi ngazi za madarasa. Vumbi limekandamizwa, limeng'aa. Nilimwita aje aone. Akavua viatu, akaipita njia ile miguu mitupu, huku anaandika.

Na benchi zake alizipanga katikati, duara zuri. Nikamwambia katikati hapo saa saba utachoma mahindi. Tazama maganda ya karanga, tazama vifuniko vya kalamu, watu wanakaa penye taka zao. Asubuhi maganda yako upande wa madarasa, mchana yamehamia upande wa maktaba, yanafuata kivuli. Nimeokota maganda hayo miaka ishirini na miwili nikiwalaani walioyatupa, na kumbe walikuwa wananiambia kitu.

Amefuta duara. Ameanza upya.

Alhamisi, 6 Machi

Msichana wa magongo amepita katikati ya uwanja. Nilikuwa nimesimama palepale. Alisita. Nikamwambia pita, mjukuu wangu, leo sijafagia. Akanisalimu shikamoo, nikaitikia, akapita. Magongo yake yameacha vitundu viwili viwili kama mshono wa cherehani. Nilikaa kuvitazama, na mimi ni mtu wa kuchukia kitundu.

Jumatatu, 10 Machi

Bwana Funguo kaniita ofisini. Uwanja umekuwa jalala, kasema, na mimi nimezeeka. Nikamwambia kuzeeka nimezeeka, uwanja haujaingia kwenye hayo. Kasema nikiendelea ataandika barua. Nikamwambia aandike vizuri, mimi husoma.

Nilipotoka nilipotea njia ya kurudi stooni. Hilo sitamwambia mtu.

Jumatano, 12 Machi

Mawingu. Babu Mpira kanusa hewa akasema kesho mvua. Nikamwambia afunge mdomo.

Alhamisi, 13 Machi

Imenyesha.

Ilianza saa saba mchana, matone makubwa, kisha mbingu ikafunguka. Nilisimama verandani nikaangalia njia zetu zinavyoyeyuka. Ile ya bombani ilikwenda kwanza. Vitundu vya magongo vikajaa maji, vikapotea. Siku kumi na sita za kuumia roho, na mvua ikafanya kwa nusu saa kazi ambayo mimi nilikatazwa kuifanya. Haina msimamizi.

Mjukuu alikuja mbio bila mwavuli. Akasimama kando yangu, analia bila sauti, maji ya mvua na ya macho mamoja. Kesho kamati. Nikamfuta uso kwa ncha ya kanga, nikamwambia twende nyumbani ukabadilishe nguo, michoro hailindwi na mtu mwenye mafua.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimeanza na kalamu ya akiba. Ile ya kwanza sijui ilikwenda wapi, na hilo pia sitamwambia mtu.

Tulifika mapema, mimi na yeye. Uwanja umekuwa tope tupu, na maji yamesimama dimbwi kubwa upande wa bomba. Nikasema basi, magari yameshinda. Halafu mjukuu akanishika mkono, akanionyesha.

Matofali.

Nyuma ya maabara kuna rundo la matofali yaliyovunjika. Wanafunzi wa vipindi vya kwanza walikuwa wameyabeba na kuyapanga topeni ili wavuke, moja, hatua, moja, hatua. Kutoka mlango mdogo wa maktaba hadi bombani, kutoka bombani hadi ngazi za madarasa. Njia ileile. Hakuna aliyewaambia. Na ubavuni mwake, kwa urefu wote wa njia, walipanga matofali mawili mawili kwa upana, yamelala bapa, yamebanana. Sikuelewa mpaka nilipomwona msichana wa magongo akivuka juu yake, taratibu, na mwenzake nyuma akisubiri bila kumsukuma.

Kamati ilikuja saa nne, watu watano na Bwana Funguo mbele. Mwenyekiti wao ni mama wa makamo, viatu vya kisigino kifupi, uso hausemi kitu. Bwana Funguo akaanza: mnaona wenyewe, tope, uchafu, hapa saruji na mistari ya magari tu. Akawaomba wavuke wakaone upande wa pili. Wakaingia kwenye matofali, mmoja nyuma ya mwingine kama bata.

Wako katikati, kengele ikalia.

Madarasa yakafunguka. Ng'ambo hii wanafunzi, ng'ambo ile wanafunzi, na kamati nzima katikati juu ya vipande vya tofali. Watoto wana adabu, hawakusukuma. Walisimama wakasubiri wakubwa wapite, lakini wakubwa hawakuwa na pa kupitia, mbele wamejaa, nyuma wamejaa. Mwenyekiti akauliza, hawa wote wanakwenda wapi? Sauti kutoka nyuma ikajibu, tunakwenda darasani, mama, kama kila siku. Bwana Funguo akajaribu kumpisha mmoja. Mguu ukateleza. Kiatu kikabaki topeni, yeye akabaki na soksi, na zile funguo zikalia zote kwa mara moja.

Wanafunzi wakakaza midomo. Mimi sikukaza.

Akanigeukia kwa hasira. Akawaambia wajumbe huyu ndiye mfagizi, wiki mbili na nusu hafagii, ndiyo maana pako hivi. Mwenyekiti akaniuliza kama ni kweli.

Nilikuwa nimepanga maneno. Yalinitoka yote, nikabaki na haya:

"Ni kweli. Miaka ishirini na miwili mmeona uwanja mtupu mkasema hapatumiki. Haukuwa mtupu. Nilikuwa nawafukuza. Nikafuta nyayo zao, mkaniita hodari. Mkitafuta aliyewafanya watoto hawa wazunguke, ni mimi. Magari hayana kosa, na mjukuu wangu hana kosa. Lakini msiniongezee kosa lingine kwa kuutoa uwanja wao."

Nikaona nimeharibu. Kisha mwenyekiti, bado amesimama kwenye tofali lake, akanyoosha mkono kwa mjukuu, akasema, "Lete huo mchoro." Akaufungua palepale. Akaangalia mchoro, akaangalia matofali, akarudi kwenye mchoro. Akafuata kwa kidole njia ya bombani. Akauliza, hii uliijuaje kabla ya mvua? Mjukuu akasema, Bibi yangu aliacha kufagia.

Jumatatu, 17 Machi

Wamekubali. Magari yatakaa kule nyuma ya maabara, rundo la matofali likiondolewa. Ujenzi uishe kabla ya mitihani.

Mjukuu alipiga kelele hadi jirani akagonga kuuliza kama kuna msiba. Nikamwambia ndiyo, wa vumbi.

Jumatano, 26 Machi

Mafundi wameanza. Babu Mpira amenirudishia ufagio. Nikamwambia kaa nao kidogo.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimegombana na fundi mwashi. Mjukuu amechora uwanja uinamie mfereji wa upande wa madarasa. Fundi hakuuinamisha, akasema yeye ana miaka thelathini kazini, maji yatakwenda yatakako. Nikamwambia maji ya hapa nayajua mimi, yanapenda kulala bombani. Akacheka. Nikamwaga maji ndoo mbili juu ya kazi yake. Maji yakaenda kulala bombani. Kaibomoa mwenyewe.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Maji yamekwenda mferejini. Fundi kaninunulia chai. Nimekunywa.

Jumanne, 22 Aprili

Leo niliwahi kuliko siku zote, kabla hata mlinzi hajafungua lango kubwa, nikamkuta Babu Mpira tayari anachimba mashimo ya miche. Shati limelowa. Nikamuuliza umeanza lini? Kasema kama kila siku, saa kumi, kabla jua halijachoma mizizi. Ndiyo maana saa nne huwa amelala. Miaka yote nimemwita mvivu, na mtu alikuwa anamaliza kazi yake kabla yangu.

Sikumwomba radhi. Nilimshikia mche wakati anafukia. Kasema mkono wangu mzito. Nikamwambia shimo lake fupi. Tumepanda tisa.

Ijumaa, 9 Mei

Kuta fupi za kukalia zimekamilika, zimepinda kama kinavyopinda kivuli. Msichana wa magongo aliulizwa aseme urefu gani unamfaa kukaa na kuinuka bila kuvutwa. Fundi alipima kwa goti lake. Sasa kuta zote ni goti la yule msichana.

Jumatatu, 19 Mei

Mjukuu amepita mtihani wa mchoro wake. Wamemuuliza maswali saa nzima. Alisema lile la kivuli cha saa saba alijibu kwa maganda ya karanga. Mwalimu mmoja alicheka, mmoja aliandika. Nimempikia mwenyewe, na safari hii jiko halikuzimwa.

Ijumaa, 30 Mei

Leo uwanja umefunguliwa rasmi, au ilikuwa ufunguliwe.

Bwana Funguo alikuwa na hotuba. Nami naapa, alivaa viatu vipya. Ratiba ilisema saa nne wageni waketi, kisha maneno, kisha makofi. Lakini mitihani inaanza Jumatatu, na wanafunzi walikuwa wameshaufungua wenyewe tangu saa moja. Kuta zimejaa. Benchi zimejaa. Wengine wamekaa chini mgongo kwa mgongo, madaftari mapajani, midomo inacheza bila sauti kama watu wanaosali. Chini ya turubai la kivuli wanane wanabishana juu ya hesabu moja, na bombani kuna foleni. Msichana wa magongo yuko katikati kabisa ya ukuta mrefu, magongo ameyalaza chini, anawafundisha watatu, mkali kuliko mwalimu.

Bwana Funguo alisimama na karatasi yake. Akakohoa. Akapiga funguo. Hakuna aliyeinua kichwa, na si kwa utovu wa adabu, hawakumsikia kweli. Akatafuta pa kukaa asubiri. Akaenda kushoto, pamejaa. Kulia, pamejaa. Nilijiandaa kumcheka, nimengoja tangu Machi. Lakini mtoto mmoja akasogea bila hata kumtazama, akampigia ukuta mkono, keti mzee. Akaketi. Kidogo nikaona yule mtoto amempa daftari amshikie, anamwomba amuulize maswali. Bwana Funguo akavaa miwani. Akauliza la kwanza. Mtoto akakosea. Akasema, "Hapana, jaribu tena," taratibu kabisa, na hotuba akaikunja akaiweka mfukoni.

Mwenyekiti wa kamati alifika amechelewa, akaangalia, akaniuliza nani amefungua. Nikamwambia mwenyewe unaona. Akasimama nami pembeni, kwa sababu hapakuwa na nafasi. Babu Mpira naye amesimama. Miguu yangu inauma tangu alfajiri, nikazunguka uwanja wote nikitafuta hata pa nusu mtu, sikupata.

Mjukuu akaja, macho yanang'aa, amekunja mikono nyuma kama alivyokuwa akifanya akileta ripoti ya shule. Akaniuliza, Bibi, unauonaje?

Nikamwambia benchi umechora chache.